Ukoo wa Herufi Moja

Mara ya kwanza nilipotema mate ndani ya kichupa nilikuwa na njaa kali. Tulikuwa watatu katika mgahawa mmoja wa Wafilipino mtaa wa Najma: mimi, fundi wa viyoyozi, Mfilipino ninayefanya naye kazi, na dada yake, ambaye ni nesi nchi ya mbali na alikuwa akipita Doha kwa saa chache. Mezani palikuwa na wali, samaki wa kukaanga na supu ya ukwaju, vyote vikipoa mbele yetu, kwa sababu karatasi iliyokuja na vile vichupa ilisema mtu asile, asinywe wala asitafune chochote kwa nusu saa kabla ya kutema. Mhudumu alipita mara tatu kuuliza kama chakula kina kasoro.

Dada wa fundi alikuwa amenunua vichupa vitatu vya kupimia asili ya mtu. Kimoja kilikuwa cha kaka yake. Cha pili kilikuwa cha mwenzake wa chumbani, ambaye alikataa akisema hatoi mate yake kwa watu asiowajua. Fundi akanisukumia mimi.

"Chukua wewe, sadiki," aliniambia, kwa Kiarabu cha huku, yaani rafiki. "Wewe unauliza kila kitu. Jiulize na wewe mwenyewe."

Cha tatu kilibaki kwenye boksi lake, na fundi akakiweka juu ya kabati lake kule kambini tunakolala wafanyakazi.

Ni kweli kwamba nauliza kila kitu. Niliacha shule darasa la sita, si kwa ukali wa mtu wala kwa ukosefu wa daftari. Nilikuwa nimekaa dirishani, gari lililojaa chumvi likapita likielekea bandarini, nikataka kujua chumvi ile inakwenda wapi. Ilikwenda Tanga. Kutoka Tanga nikafika Mombasa, nikauza miwani, nikapaka rangi nyumba za watu, nikaenda Muscat kwa kazi ya upishi nami sijui kupika. Sasa ni mwaka wa sita niko Doha, naendesha basi la kampuni. Alfajiri nawatoa watu kambini Industrial Area, nawapeleka kwenye majengo, jioni nawarudisha. Katikati ya hapo basi limeegeshwa kivulini na mimi nina simu. Nimesoma mengi ndani ya basi lile: jinsi nyuki wanavyoelekezana maua yalipo, kwa nini bahari ya huku ina chumvi nyingi kuliko ya kwetu, jinsi Warusi walivyomrusha mbwa angani. Mwalimu wangu wa darasa la sita angeniona angeshangaa.

Lakini jambo moja sikuwahi kulisoma popote, nalo ni langu mwenyewe. Kwetu Pemba tangu nikiwa mdogo naitwa Mchina.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani kutoka Unguja, wa ukoo wa Wangazija, watu ambao wazee wao walitoka visiwa vya Komoro. Alikuja Pemba kushona, akamwoa mama, wakakaa pamoja miezi minane, akashikwa na homa akafa. Wakati ule mama alikuwa akipika chakula cha mchana cha kundi la Wachina waliokuwa wakijenga barabara. Kila siku alipeleka masufuria mawili, la wali na la mchuzi, akayaacha mlangoni mwa kambi yao, akachukua matupu ya jana. Hilo tu. Alipoingia eda ya mjane, akakaa ndani kama inavyopasa, hakujua kuwa ana mimba. Ilipojulikana, tayari maneno yalikuwa mtaani, kwamba ni ya Mchina.

Kaka mkubwa wa baba alikuja kutoka Unguja kwa hitima ya arobaini. Aliyasikia yale maneno kabla hajavua viatu. Akakaa barazani, akaanza kuhesabu miezi ya ndoa na ya mimba kwa vidole mbele za watu. Mama aliniambia yeye hakukasirika mzee alipokuwa akihesabu. Alikasirika mzee alipofika mwisho wa vidole akanyamaza. Mzee yule akabeba cherehani ya marehemu, akasema mtoto akizaliwa ataonekana.

Nikazaliwa na macho membamba.

Hawakurudi. Shuleni niliandikwa kwa jina la babu mzaa mama. Mama hakuolewa tena. Anashona kofia za mkono, zile zenye vitobo vidogo vinavyofanya maua na nyota, na mpaka leo akipita barabara ya lami iliyojengwa na wale Wachina hapiti katikati, anapita pembeni kwenye mchanga. Nilikuwa mkubwa nilipogundua kuwa si kwa kuogopa magari.

Basi nilitema mate, tukala samaki waliopoa, dada wa fundi akaondoka na vichupa viwili kwenye mkoba wake. Majibu yalikuja kwenye simu baada ya wiki kadhaa. Nilikuwa nimeegesha basi nje ya jengo, fundi akaja mbio, na yeye simu mkononi.

"Mstari wa baba! Fungua mstari wa baba! Mimi ni O. Wewe?"

Nikafungua. O ileile, na chini yake maelezo: Asia ya Mashariki. Nikamwonyesha.

Fundi alipiga ukelele ambao wapiga plasta waliusikia ghorofa ya nne. "Kabayan!" Hilo ndilo neno wanaloitana Wafilipino wanapokuwa ugenini, mtu wa kwetu, na Doha nzima inawaita hivyo. Kufika jioni basi zima lilikuwa likiniita kabayan. Mkenya mmoja ninayelala naye chumba kimoja, mlinzi wa ghala, alinipokea mlangoni mikono kiunoni.

"Kumbe we ni Mchina kweli, buda! Sasa si utujengee hata kabarabara hapo nje? Vumbi imetumaliza."

Nilicheka pamoja nao. Ni watu wazuri na hawakujua walichokuwa wakikigusa. Lakini kesho yake, watu waliposhuka kazini, nilikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa cha basi, ambacho sijawahi kukikalia, nikamfikiria mama akipita pembeni kwenye mchanga. Miaka yote nilikuwa nimemwamini bila kujiuliza, kama mtu anavyoamini sakafu. Sasa nilikuwa na herufi mkononi inayosema majirani walihesabu sawasawa. Ijumaa ile sikumpigia simu. Nilisema mtandao ulikuwa mbovu.

Kisha nikafanya ninachokijua. Nikasoma.

Nilisoma wiki tatu, neno kwa neno, mengine nikimuuliza fundi, mengine nikirudia mpaka yafunguke. Nitaeleza nilivyoelewa. Kuna kipande kimoja cha urithi ambacho mwanamume humpa mtoto wa kiume tu, na huyo humpa wake, hivyo hivyo, bila kuchanganyika na cha mama. Kila kikitolewa kinanakiliwa. Na mara chache sana katika kunakili panatokea kosa dogo lisilodhuru, na kosa hilo linarithiwa na wote watakaofuata.

Hapo nikakumbuka kofia. Mshona kofia hatoi maua kichwani mwake. Anaweka kofia ya zamani mbele yake, anahesabu vitobo vyake, anavifuata. Akikosea akaruka kitobo kimoja, atakayenakili kofia yake atakiruka pia, na wa baada yake. Mama huweza kumtazama mtu amevaa kofia harusini, akasema hii imetoka mkono wa bibi fulani wa mji fulani, kwa kitobo kimoja tu kilichokosekana. Wataalamu wa damu wanafanya kazi ya mama yangu. Wanatazama vitobo.

Kosa walilolipa herufi O lilitokea kwa mtu mmoja huko Asia ya Mashariki, makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Mtu mmoja, sijui alikuwa akifanya nini siku hiyo, labda anachuna mnyama. Kwa muda mrefu wanawe hawakuwa wengi. Halafu watu wa huko wakajifunza kulima, mpunga upande wa kusini na uwele upande wa kaskazini. Aliyelima alikula, aliyekula alizaa, na waliozaliwa wakahitaji shamba jingine, wakasogea. Leo wajukuu wa mtu yule wamejaa China, Korea, Vietnam, Ufilipino na Indonesia. Nilipokuwa nikiwapeleka watu kazini nilianza kuwatazama kwenye kioo cha juu, wale Wafilipino na Wavietnam wa kuchomelea vyuma, wamelala vichwa vimeegemea vioo, nikawaza kwamba nimewabeba wana wa baba mmoja na wao hawana habari, wanataka kulala tu.

Sehemu iliyofuata niliisoma mara tano. Tawi moja la herufi ile lilishuka mpaka pwani, likavuka kwenda Taiwan, likateremka Ufilipino, likafika Borneo. Na watu wa visiwa vile, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, walivuka bahari yote hii mpaka Madagaska. Na katika kuvuka, au baada ya kufika, baadhi yao waliacha wana Komoro.

Komoro. Nilishuka kwenye basi nikazunguka tairi zote sita, nikapanda tena, nikasoma tena.

Baada ya O yangu palikuwa na mkia: M na hamsini. Nikautafuta mkia huo. Upo Ufilipino, upo Indonesia, upo Madagaska, upo Komoro. Ningetamani habari iishie hapo. Lakini mkia huo unapatikana pia kwa baadhi ya watu kusini mwa China. Na Wachina wa barabara walitoka upande gani? Hakuna aliyejua. Mama hakuwahi hata kujua majina yao, alijua masufuria yao.

Ilibaki njia moja. Apatikane mwanamume wa damu ya baba yangu, atazamwe vitobo vyake.

Naye alikuwepo, Doha hapahapa. Mtoto wa kiume wa yule baba mkubwa aliyehesabu kwa vidole ni dereva wa familia moja ya Muaither, anakaa kijumba cha pembeni ya geti la bosi wake. Ananizidi miaka mitano. Tulijuana kwa miaka minne bila kujuana. Watu wa visiwani tukitoka msikitini Ijumaa hukutana kwenye duka moja la chai Najma, tukasimama nje na vikombe vya karak, ile chai ya maziwa yenye hiliki. Yeye huja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, manukato yake yanafika kabla yake. Alikuwa akinisalimia kama mtu anavyomsalimia mlinzi wa benki. Aliwahi kumwambia mtu, nami nasikia, kwamba kwao hawana ndugu Mchina.

Ijumaa moja nikamwendea.

"Assalaam alaykum, kaka."

"Waalaykum salaam. Habari, Mchina?"

"Nzuri. Nina shida na mate yako."

Waliokuwa karibu waligeuka. Yeye alishusha kikombe. "Mate yangu? Umeshakuwa mganga?"

Nikamweleza, hadharani, kwa sababu nilijua faraghani angeniondokea. Nikaeleza kichupa, mstari wa baba, kwamba damu moja itaonyesha alama moja. Sikumwambia herufi yangu ni ipi.

"Sisi hatuhitaji kupimwa na makafiri," alisema. "Sisi tuna shajara. Imeandikwa kwa mkono, iko sandukuni kwa baba. Inaanza kwangu, inakwenda baba kwa baba mpaka Hadhramaut kule Yemen, na hakuna aliyerukwa."

"Basi huna cha kuogopa."

"Nani anaogopa?"

"Tema, sheikh!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na wengine wakadakia. "Tema tuone! Shajara na mate vigombane!"

Alinitazama kwa macho yake makubwa. Ana macho makubwa kweli, kama vikombe vya kahawa. "Nitatema," alisema. "Nitatema ili ukome. Na majibu yakija utasimama hapahapa mbele ya watu hawa, utasema hunijui na mimi sikujui."

"Nitasema," nikamjibu. Na wallahi ningesema.

Fundi alikuwa karibu kwenda likizo kwao, akakubali kukibeba kile kichupa cha tatu na kukituma kutoka huko. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nikaegesha basi tupu uchochoro wa nyuma ya duka la chai, nikaacha kiyoyozi kinaunguruma. Mtoto wa baba mkubwa akapanda akiwa na kanzu yake, akatafuta kiti kisicho na vumbi, na mkononi ameshika karak. Ameshainywa nusu. Hakuna mtu wa kwetu anayetoka msikitini Ijumaa pale Najma akapita duka lile mikono mitupu. Miguu yenyewe inajua.

Nikamwonyesha karatasi. "Nusu saa bila kunywa kitu."

"Astaghfirullah. Nusu saa nikae hapa na wewe?"

"Na mimi."

Aliweka kikombe juu ya dashibodi, akakitazama kama mtu anayeagana. Alichunguza pazia za basi, akaziona zimefifia. Aliuliza kama breki ni za upepo. Nikamjibu ndiyo. Akauliza basi linabeba watu wangapi, nikamwambia sitini na wanne. Madereva wawili wakikaa pamoja hawawezi kukosa la kusema hata kama wanachukiana, na nadhani hilo ndilo lililotuvusha dakika kumi za mwanzo. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Anashona kofia."

"Ile cherehani ipo, unajua."

Sikujua.

"Ipo sebuleni kwa baba, Unguja. Imefunikwa kitambaa cheupe. Baba hajaishonea hata kifungo. Tulipokuwa watoto tukiigusa tunachapwa. Mama alitaka kuiuza tukapata friji, baba akakataa, akasema si yetu. Nikamuuliza, kama si yetu ni ya nani? Akanifukuza nikacheze."

Yeye akawa anazungusha pete yake kidoleni.

"Anasema marehemu alikuwa akicheka huku ana pini mdomoni. Sita, saba, amezibana kwa midomo, mteja akisema jambo anacheka na hazianguki. Bibi alikuwa akipiga kelele, utazimeza, utazimeza. Kila Ramadhani baba lazima atasimulia hiyo ya pini. Halafu ananyamaza usiku mzima."

Mimi nina miaka thelathini na minne. Nimesoma habari za nyuki na za mbwa aliyerushwa angani. Sikuwahi kujua kwamba baba yangu alicheka na pini mdomoni. Mama amenipa mengi, lakini yeye alikaa naye miezi minane tu, na labda mbele ya bibi arusi zile pini alizitoa. Niligeukia dirishani nikajifanya naangalia kama kuna askari wa maegesho.

Nusu saa ikaisha, ikapita. Ni mimi niliyekumbuka. Alianza kutema na ikawa kazi, mdomo umekauka kwa sukari, kichupa kina mstari unaopaswa kufikiwa na mapovu hayahesabiwi.

"Kazi ya kudhalilisha hii," alisema. "Mtu mzima na kanzu."

"Fikiria limau."

"Usiniambie la kufikiria." Lakini alifikiria, maana kichupa kilijaa. Akakifunga, akachukua kikombe chake cha karak kilichopoa, akanywa yote, akashuka bila kuaga.

Majibu yalichukua muda wake. Fundi alirudi kutoka likizo na maembe makavu, akaniambia tutulie. Kisha Ijumaa moja mtoto wa baba mkubwa hakuonekana Najma. Na iliyofuata hakuonekana. Watu wakauliza, nikawaambia labda ana kazi. Mtu aliyeshinda asingejificha. Wala aliyeshindwa asingekuwa na sababu ya kuja. Na simu ilikuwa yake, majibu ni yake. Angeweza kuyafuta akasema hayakuja, na mimi ningebaki na herufi yangu, na mama na mchanga wake.

Ijumaa ya tatu, kabla ya Magharibi, Mkenya aliniita kutoka dirishani. "Buda, kuna sheikh hapa nje amepotea."

Hakuwa amepotea. Alikuwa amesimama getini kwetu Industrial Area, mahali ambapo nina hakika hakuwahi kukanyaga, kanzu imeshika vumbi mpaka magotini, na mikononi ana vikombe viwili vya karak. Akanipa kimoja. Tukaenda kukaa ndani ya basi. Akanipa simu yake.

O. M na hamsini.

Herufi peke yake isingetosha, hilo nilishalisoma. Watu wengi duniani wanaishiriki na hawana habari wao kwa wao. Lakini chini yake palikuwa na ukurasa mwingine, unaolinganisha urithi wote wa watu wawili, wa baba na wa mama, na ukurasa huo ulisema mimi na yeye tuko karibu kiasi cha watoto wa ndugu wawili. Niliurudia mara nyingi mpaka simu ikazima taa, yeye akaigusa ikawaka tena, akaniachia.

"Na Hadhramaut yangu?" aliuliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa kiatu msikitini.

"Labda ipo upande wa bibi mmoja wa zamani. Labda mkwe aliandikwa mahali pa mwana. Damu ya Waarabu unaweza kuwa nayo tele, ila huu mstari mmoja wa baba kwa baba ulipita kwingine."

"Nitamwambia nini mzee?"

"Mwambie na sisi tulivuka bahari, ila tulitokea upande wa pili."

Alinitazama na macho yale makubwa. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu mabega yakatikisika. "Ina maana Mchina ni mimi?"

"Ni sisi. Na si Mchina hasa, ni mtu wa visiwa. Lakini sitokukatalia." Nikamwambia jambo jingine nililolisoma, kwamba kile kipande cha urithi hakina habari na macho ya mtu. Macho yangu membamba huenda ni ya bibi mzaa mama, aliyekuwa nayo vilevile. Watu walitazama macho yangu miaka yote hiyo wakasoma jambo ambalo halikuandikwa humo, na yeye mwenye macho kama vikombe vya kahawa alikuwa na herufi ileile na hakuna aliyemwita chochote.

Hapo fundi akachungulia mlangoni mwa basi. Alimwona mgeni, akaniona uso wangu, akaelewa. "Kabayan!" akampigia kelele.

"Huyu ananiitaje?"

"Anakuita mtu wa kwao."

Alifikiri kidogo. Kisha akanyoosha mkono akampa fundi kikombe chake cha karak, ambacho hakuwa amekigusa.

Baadaye, fundi alipokwisha kwenda na kikombe chake, mtoto wa baba mkubwa aliniambia: "Nipe namba ya mama mdogo."

Hakuna mtu katika maisha yangu aliyewahi kumwita mama hivyo, mke wa baba mdogo. Nilipiga mwenyewe, nikaweka sauti ya wote.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema. "Mimi ni mtoto wa shemeji yako wa Unguja."

Upande wa pili kulikuwa na kuku, na redio. Redio ikazimwa.

"Marahaba, mwanangu."

Akaomba radhi. Alianza vizuri, akachanganyikiwa katikati, akarudi mwanzo. Nikaingilia, nikamweleza mama habari ya kichupa, nikamweleza kwa kofia, kitobo kilichorukwa huko Mashariki ya mbali na kilivyonakiliwa kisiwa kwa kisiwa mpaka Komoro, mpaka kwa fundi cherehani wake. Alielewa mara moja, haraka kuliko mimi. Akauliza tu mate yetu yalikwenda wapi kupimwa. Nikamtajia.

"Safari yote hiyo?" alisema. "Mngeniuliza mimi. Mimi nilikuwepo."

Mtoto wa baba mkubwa alifunika uso kwa mikono, na sikujua kama anacheka.

"Baba yako anaweza kutembea?" mama akamuuliza.

"Anaweza, mama mdogo. Na cherehani ipo, inataka mafuta tu."

"Basi mwambie ailete mwenyewe. Na asije asubuhi, watu wako mashambani. Aje baada ya Alasiri, wakiwa wamekaa barazani."

Mzee alichukua miezi miwili. Mwanawe alimpigia kila Ijumaa kutoka kwenye basi langu, akimwelekeza kwa upole, na mara moja si kwa upole. Alimsomea herufi, akamsomea mkia wake, akamtajia Borneo, mzee akauliza Borneo iko upande gani wa Hadhramaut. Mwisho akapanda boti.

Habari ya kufika kwake niliipata kwa ujumbe wa sauti, nikiwa nimeegesha basi nawasubiri watu washuke majengoni. Niliusikiliza kiti cha nyuma kabisa, ambacho siku hizi nimekizoea.

"Kaja," mama alisema. Nyuma yake nilisikia watu wengi na mlio wa vikombe. "Kaibeba juu ya toroli, kitambaa na kila kitu. Katoa salamu, kakaa palepale alipokaa siku ile. Kasema shemeji, nisamehe. Nimemwambia arudie. Sauti yake haikufika nyumba ya pili."